Upande wa Pili wa Kaseti ya Kumi na Mbili

Saa tisa na robo alasiri, zikiwa zimebaki dakika thelathini tu ajue ni nani kitabuni aliyechoma kinu cha kusaga nafaka, Dereva alitoa kaseti ya kumi na mbili kwenye redio, akaigeuza upande wa pili, akabonyeza kitufe na kujiweka sawa kitini. Moyoni alikuwa ameshatoa hukumu. Kwa siku tisa alizosikiliza kitabu hicho alimshuku shemeji wa mwenye kinu, na kila mkewe alipoweka sahani mezani alimwambia kwamba shemeji huyo ndiye, angoje tu aone.

Kitabu chenyewe mji mzima ulikuwa unakigombea. Maktaba ya umma ilikuwa na kasha moja tu la kaseti zake, na watu ishirini na watatu walikuwa wamejiandikisha nyuma ya Dereva: vipofu wenzake, wazee waliochoshwa na maandishi madogo, na fundi viatu aliyetaka kitu cha kumchangamsha akigonga soli. Dereva alingoja zamu yake miezi mitatu. Tangu presha ya macho imnyang'anye usukani wa basi, ilikuwa mara ya kwanza kungoja kitu na kitu hicho kikaja.

Redio ilikwaruza kidogo, kisha mtu akakohoa. Dereva alikijua kikohozi hicho. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka ishirini na sita.

"Mwanangu, salamu sana," ilisema sauti ya mkewe. "Sisi huku wazima. Hivi nakwambia wazima kwa sababu barua huanza hivyo, lakini leo nataka nikwambie ukweli, maana sina mwingine wa kumwambia."

Angeweza kuizima. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kitufe, ukabaki hapo hapo.

"Kazi yetu huisha saa kumi. Mimi hukaa kwa dobi mpaka saa kumi na moja na nusu, nakunja mashuka yasiyo zamu yangu. Sitaki kurudi nyumbani, mwanangu. Nikifungua mlango namkuta baba yako pale pale nilipomwacha, kama kabati. Sasa amepata hivyo vitabu vya kusikiliza, na maneno ameyapata, lakini yote ni ya watu wa kitabuni. Mimi nilizoea mume wa kuondoka na kurudi. Sasa haondoki, basi na mimi sina wa kumpokea. Nimechoka. Usimwambie mtu. Nimechoka mpaka naona haya."

Barua iliendelea mpaka utepe ukaisha. Ilitaja bei ya mkaa, harusi ya jirani na goti lake linalomsumbua. Dereva aliisikiliza yote, hata habari za goti, ambazo hakuwahi kuzisikia. Kisha akainuka, akapapasa ukuta mpaka kitandani, akalala na kuligeuzia dirisha kisogo.

*

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Bi Kola kwa vile hakuna mtu mjini aliyenyoosha kola ya shati kama yeye, alirudi saa kumi na mbili kasorobo. Alistaajabu kukuta redio imefunikwa kitambaa. Aliuliza kutoka mlangoni kama kitabu kimekwisha, na kama shemeji amefungwa.

"Hilo kasha lirudishe maktaba," Dereva alijibu kutoka kitandani. "Na kadi yangu waipe mwingine. Sisikilizi tena."

"Kwani mwisho mbaya?"

"Sikiliza mwenyewe."

Bi Kola alirudisha utepe nyuma, akabonyeza, akajisikia akikohoa. Hakuhitaji kusikia zaidi, lakini alisikia mpaka pale pa kabati kabla vidole havijapata nguvu ya kuzima.

Jumapili aliyorekodi barua hiyo aliikumbuka vizuri. Binti yao alifanya kazi za nyumbani katika nchi ya mbali, na kwa kuwa mama hakuwa na mkono mwepesi wa kuandika, barua zao zilikuwa za kaseti. Walinunua kanda kuukuu za muziki, na kama vijino viwili vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa ili mtu asirekodi juu yake, Bi Kola alibandika kipande cha plasta juu ya matundu na mambo yakaenda. Alikuwa amefanya hivyo mara ishirini, bila kuwaza. Siku hiyo alipokuwa akifagia alipindua kasha la maktaba, kaseti zikamwagika, moja ikaserereka chini ya meza ya pasi. Joto na mvuke vilikuwa vimeshabandua karatasi yake yenye namba. Aliiokota, akaitazama mbele na nyuma, akaona haina jina, akasema hii ni yetu, akabandika plasta. Dereva alikuwa amejipumzisha chumba cha pili. Aliirekodi kwa sauti ya chini, akaiweka rafuni ingoje msafiri wa Ijumaa wa kumpelekea binti.

Asichojua ni kwamba mkutubi, kwa ajili ya wasioona, alidondosha kitone cha gundi kwenye pembe ya kila kaseti ya maktaba. Jumatatu Dereva alipapasa kasha, akakuta tundu moja tupu, akapapasa rafu, kidole kikagusa kitone. Akairudisha mahali pake na kujisifu kwamba yeye haoni lakini hapotezi kitu. Karatasi ya kusomwa kwa macho ilitoka, alama ya kusomwa kwa vidole ikabaki, na ndani ya nyumba hiyo mmoja alikuwa na macho na mwingine vidole.

Bi Kola alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda. Alianza kueleza kwamba siku ile goti lilimsumbua, kwamba mtu akichoka husema ovyo, kwamba maneno ya mama na binti si ya kupimwa kwenye mizani.

"Ungekuwa umesema uongo ningekujibu," alisema Dereva. "Hukusema uongo."

Akavuta shuka mpaka begani.

*

Siku tatu zilizofuata Dereva hakunyoa ndevu. Alikula alichopewa, akasema ahsante, akarudi kitandani. Bi Kola alijua alikokuwa akielekea, maana alishamwona huko mwaka wa kwanza wa giza, alipokaa miezi minne bila kuvaa viatu. Kilichomtoa huko hakikuwa dawa wala maneno ya ndugu. Zilikuwa kaseti za maktaba, moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kubishana na watu wasiokuwapo na kuulizia saa ya chakula.

Alfajiri ya siku ya nne, akiwasha jiko, alijisemea kwamba kitabu hiki kitakwisha. Mume atasikia mwisho wake na kadi itabaki na jina lake, hata kama yeye mwenyewe atatembea uchi wa aibu mji mzima. Shetani alimnong'oneza njia nyepesi: arudishe kasha kimya kimya, wa zamu inayofuata ajionee mwenyewe. Lakini wa zamu inayofuata alikuwa fundi viatu, na Bi Kola hakuwa tayari fundi viatu agonge soli huku akisikiliza habari za goti lake.

Alipitia maktaba kabla ya kazi. Mkutubi, mwanamke mwembamba aliyezoea kusema kwa sauti ya chini, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwa kanuni lazima athibitishe uharibifu. Akaingiza kaseti kwenye mashine ya mezani. Mashine ilikuwa imeachwa na mtu wa jana, mzee mwenye masikio mazito, na sauti ilikuwa juu kabisa.

"NIMECHOKA," lilisema jumba zima la maktaba. "USIMWAMBIE MTU."

Mkutubi aliruka kuizima. Mzee wa gazeti alishusha gazeti. Wanafunzi wa meza ya pembeni waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Bi Kola alisimama wima, mikono imeshika mkoba, akatazama rafu ya kamusi mpaka uso ulipopoa.

"Pole, mama," alisema mkutubi, na ilionekana kweli amesikitika. Lakini kanuni hazikuwa zake. Aliyeharibu kaseti husimamishiwa kadi mpaka kaseti itengenezwe. Nayo haikuwa rahisi kuitengeneza, kwa sababu nakala ilikuwa moja na mwalimu mstaafu aliyekisoma kitabu hicho alifariki mwaka jana. Wangetafuta msomaji mwingine. Ingeweza kuchukua miezi sita, au mwaka.

"Kitabu chenyewe cha karatasi kipo?"

"Kipo."

"Sura iliyofutika ni kurasa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Nipe. Nitasoma mimi."

Mkutubi alimtazama kwa upole, akamuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. La tano, alijibu Bi Kola, na hakuongeza kwamba la tano lenyewe hakulimaliza. Mkutubi alileta kitabu, akafungua sura ya mwisho, akamwomba asome aya moja tu, amsikie.

Bi Kola aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno hili, kisha lile, akisimama juu ya kila moja kutafuta linalofuata. Kwenye neno "kuteketezwa" aliteleza mara tatu. Mwanafunzi mmoja alicheka waziwazi. Bi Kola hakuinua macho. Alirudi mwanzo wa sentensi, akalipita neno hilo, akamaliza aya yote, jasho likimtiririka mgongoni.

"Mama, siwezi kuwapa watu hivyo," mkutubi alisema taratibu.

"Hivyo hata mimi nisingewapa. Nipe wiki mbili."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa utakuwa umepoteza wiki mbili kati ya mwaka wako."

Mkutubi aligonga muhuri kwenye kitabu, akampa pamoja na kaseti. Kadi ya Dereva aliifungia kwenye droo.

*

Kwa dobi walimwona amerukwa na akili. Alikitega kitabu juu ya meza ya pasi kwa vibanio viwili vya nguo, na huku mkono wa kulia ukinyoosha mashuka mdomo ulisoma. Aliunguza foronya moja siku ya kwanza, na tajiri akamwonya. Baada ya hapo alisoma wakati wa kukunja tu. Mkunjaji mwenzake, mwanamke mwenye domo refu, alimuuliza kama anasoma au anaomboleza, kisha akaanza kusogea karibu kila ukurasa ulipogeuzwa. Siku ya tano ndiye aliyewafokea wengine wapunguze kelele.

Kuwa mwepesi kazini ni kitu kimoja. Nyumbani palikuwa na redio, kitufe chekundu na utepe wa dakika thelathini usioongezeka hata nukta moja, maana upande wa kwanza ulikuwa na sura iliyotangulia na haukuguswa. Jioni ya siku ya saba Bi Kola alifunga mlango, akaketi, akabonyeza. Barua yake ilianza kufutika neno kwa neno chini ya sauti yake mwenyewe. Hakuisikitikia. Alisoma kwa makini, akitamka kila herufi, na akiwa ukurasa wa kumi na nne kitufe kiliruka juu. Utepe ulikuwa umeisha. Kurasa nne zilibaki nje.

Siku iliyofuata alikimbiza. Alifika mwisho, utepe ukabaki, lakini aliporudisha na kusikiliza hakuelewa mwenyewe alichosema. Watu watatu wa kitabuni walikuwa wanazungumza kwa pumzi moja. Alizima. Alikaa mikono imelala mapajani.

"Breki huna," ilisema sauti nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Alidhani amesikia vibaya. Aligeuza kurasa polepole kurudi mwanzo, asije akaifukuza.

"Jana ulikuwa unaendesha na breki ya mkono umeivuta. Leo huna breki kabisa. Basi haliendeshwi hivyo." Kitanda kililia. "Pale mlinzi anapoulizwa alikuwa wapi usiku ule, pana nukta?"

Bi Kola alitafuta kwa kidole. "Ipo."

"Basi simama. Abiria washuke. Halafu kwenye tambarare, pale wanapoelezea njia na miti, nenda. Hakuna anayetaka kushukia pale. Huo muda unaoupoteza kwenye miti utauhitaji kwenye kona."

"Kona iko wapi?"

"Wewe ndiye mwenye macho. Kona ni pale ambapo mtu atasema jambo ambalo hawezi kulirudisha."

Alisoma tena ukurasa ule. Dereva alimkatisha mara sita, bila kutoka kitandani, bila kumwita jina. Habari za ile barua hazikutajwa. Kesho yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda pazia likiwa wazi, na keshokutwa alikuwa mezani, kidevu kimenyolewa nusu kwa sababu wembe ulimshinda upande wa kushoto. Bi Kola alichukua wembe akamalizia, akiwa bado anasoma. Alikuwa ameshaijua sura kiasi cha kutotazama kila mstari.

Katika kufundisha huko ndipo Dereva alipopata mwisho wa kitabu, vipande vipande na kwa kurudiwarudiwa. Aliyechoma kinu hakuwa shemeji. Alikuwa mwenye kinu mwenyewe. Dereva alimwomba mkewe arudie mstari huo.

"Siku tisa nimemchukia mtu wa watu bure," alisema. "Mwandishi huyu hana adabu."

Bi Kola alicheka. Dereva hakucheka, lakini masikio yalimchezacheza, na mkewe alijua maana yake.

*

Siku ya kumi na tatu, Jumapili, ilikuwa ya mwisho. Jumatatu asubuhi kitabu kilitakiwa mezani kwa mkutubi. Waliamka mapema, wakafunga dirisha, wakatandika blanketi mezani kuzuia mwangwi. Bi Kola alikunywa maji ya uvuguvugu. Alipoweka tu kidole juu ya kitufe chekundu, jirani mchomeleaji akawasha mashine yake ya kukatia vyuma nyuma ya ukuta wao.

Walingoja. Mashine ilinyamaza, Bi Kola akaanza, akafika ukurasa wa tatu, ikalia tena. Akarudisha utepe. Mara ya pili alifika wa tano. Mara ya tatu hakufika hata wa pili. Kwa desturi mchomeleaji hufanya kazi mpaka giza liingie, na leo alikuwa na geti zima la mtu la kumaliza. Bi Kola alifunga kitabu. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka, akasema labda jioni, ingawa wote wawili walijua jioni koo lake halitakuwa na sauti.

Dereva alisimama. Alipapasa chini ya kitanda, akatoa viatu, akavivaa bila kufunga kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Anza ukisikia kimya."

"Hujui kilipo kizingiti cha jirani. Ngoja nikushike mkono."

"Ukinishika mkono nani atasoma?"

Alifungua mlango. Bi Kola alimwona akiweka kiganja ukutani na kuufuata ukuta huo kuelekea kwenye kelele, amevaa fulana ya ndani, mguu ukitangulia kuuliza njia kabla ya mwili. Alijikwaa kwenye ndoo, akaipiga teke, akaendelea. Mkewe alishika meza kwa mikono yote miwili asimkimbilie. Mwanamume huyu hakuwa ametoka peke yake nje ya mlango huo tangu macho yamwishe.

Mashine ililia, ikalia, ikakoma. Kisha akamsikia, sauti ile ile iliyokuwa ikiwaamrisha abiria wasogee nyuma.

"Jirani, nakuomba nusu saa. Mke wangu anasoma."

Mchomeleaji alisema kitu kuhusu geti na mwenye geti.

"Nusu saa," alirudia Dereva. "Nitakaa hapa hapa juu ya vyuma vyako mpaka amalize. Mke wangu anasoma kitabu cha maktaba."

Kimya kikaingia. Bi Kola alifuta macho kwa upande wa kanga, akabonyeza kitufe, akahesabu tano kama walivyokubaliana, na akaanza.

Alisimama kwenye nukta. Kwenye miti alikwenda. Mlinzi alipoulizwa alikuwa wapi usiku ule, alimwacha anyamaze sawasawa, mpaka yeye mwenyewe akaogopa jibu. "Kuteketezwa" ilipita kama maji. Kwenye ukurasa wa kumi na sita mwenye kinu anamwambia mkewe yale ambayo hawezi kuyarudisha, na Bi Kola alipunguza mwendo, akaisoma kona hiyo kwa sauti ambayo hakuwahi kuijaribu kwa dobi wala mezani, kwa sababu ilikuwa yake. Alimaliza. Alihesabu tano. Alizima. Utepe uliobaki haukuzidi unene wa ukucha.

Alipotoka nje alimkuta Dereva amekaa juu ya fremu ya geti, na mchomeleaji amechuchumaa kando yake, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso. Walikuwa wakisikiliza kupitia ukuta.

"Kwa hiyo ni yeye mwenyewe?" mchomeleaji alimuuliza Bi Kola. "Mimi nilijua shemeji."

*

Jumatatu walikwenda wote wawili, kwa kuwa kadi hutolewa kwa mwenyewe. Mkutubi alisikiliza dakika zote thelathini, safari hii kwa vipokea sauti vya kuvaa masikioni, na kwa muda huo wote Bi Kola alikaa kwenye benchi, kiganja cha mumewe juu ya mkono wake, akitazama uso wa mwanamke huyo bila kuambulia kitu. Mwishowe mkutubi akavivua.

"Kwenye ukurasa wa tisa umekosea neno moja, mama."

"Najua. Nililiona nimeshalipita."

"Marehemu mwalimu alikosea sita katika sura ile ile." Alifungua droo, akatoa kadi, akaiweka kwenye mkono wa Dereva na kumfungia vidole. Kisha akaandika jambo kwenye karatasi mpya, akaibandika juu ya kaseti, akaisoma kwa sauti ili wote wasikie: namba, jina la kitabu, na chini yake, upande wa pili, msomaji Bi Kola. Alisema kuna vitabu vingine vinane vinavyongoja mtu wa kuvisoma. Bi Kola alisema ataangalia ratiba yake ya mashuka.

Fundi viatu alikuwa ameshafika kuchukua zamu yake. Alilipokea kasha kwa mikono miwili, akatoka karibu mbio.

Walirudi na kasha jingine, la kaseti tisa. Dereva aliliweka rafuni bila kulifungua. Alivuta kiti mbele ya redio, akakaa, akamwambia mkewe atafute kanda kuukuu ya muziki na plasta.

"Ya nini?"

"Barua ya mtoto umeifuta. Msafiri anaondoka Ijumaa, na yule binti ana mwezi mzima hajatusikia."

Bi Kola alibandika plasta, akaingiza kaseti. Aliketi kando yake, magoti yao yakigusana kwa kuwa meza ilikuwa ndogo. Alisema atamweleza habari za kitabu na geti, na kwamba wote wazima.

"Mweleze," alisema Dereva. "Lakini kwanza sema yale ya mwanzo. Ya kukunja mashuka, na ya kabati, na ya kuchoka."

"Yameshafutika hayo. Acha yaende."

"Niliyasikia peke yangu, wewe ukiwa kazini. Safari hii nataka uyaseme nikiwa nimekaa hapa, halafu mimi nimwambie mwanangu nitakachofanya." Alipapasa mpaka akapata mkono wake, akauongoza mpaka kwenye kitufe chekundu. "Taratibu. Na ukifika pale uliposema umechoka, usiruke."

Bi Kola alibonyeza. Alikohoa, akahesabu tano.

"Mwanangu," alisema, huku akimtazama mumewe usoni, "nimechoka."

Dereva aliitikia kwa kichwa, na akangoja sentensi inayofuata.